Maji ya Miyaa

Mama wa Utemini, mjini Singida, anayesuka kikapu hukaza mzunguko mmoja kabla ya kuanza unaofuata. Asiporidhika hufumua, hata kama jua linazama na mnunuzi anasubiri. Subira hiyo ya mikono ndiyo iliyowalea watawa wa kwanza wa Ukristo katika majangwa ya Misri, karne ya 4. Wengi husimulia jinsi walivyofunga na kukesha. Mimi nawapenda zaidi kwa ususi wao.

Walichana majani ya mtende, wakayaloweka yalainike, wakasuka ukili mwembamba na kuushona ukizunguka mpaka ukawa mkeka au kikapu, midomo ikirudia zaburi. Inasimuliwa kwamba Antoni Mkuu, aliyefariki mwaka 356, alipolemewa na mawazo alimwona mtu kama yeye akiketi kusuka kamba, akiinuka kusali, kisha akiketi tena kusuka. Akafuata mwendo huo.

Anayenigusa zaidi ni Arseni. Alikuwa amewafundisha wana wa Kaisari Theodosio katika jumba la Konstantinopoli, kisha akaenda jangwani Sketi kusuka. Maji ya kulowekea miyaa aliyabadilisha mara moja tu kwa mwaka, siku nyingine aliyaongeza tu, mpaka yakanuka. Wazee walipouliza, alijibu kwamba anavumilia uvundo huo badala ya manukato aliyoyafurahia duniani. Naona Arseni, puani mwake mkiwa na harufu ile, alitafuta usafi usiotegemea maji ya chombo.

Mtawa mwingine, Abba (yaani Baba) Paulo, aliishi mwendo wa siku saba kutoka mjini. Nauli ingemeza bei ya vikapu vyake. Alisuka hata hivyo kila siku, na mwaka ukiisha pango likijaa, alivichoma vyote akaanza upya. Kwa msusi yeyote, huo ni moto mzito.

Mtawa Agathoni yeye aliuza: chekeche kwa sarafu 100, kikapu kwa sarafu 250. Alitaja bei mara moja tu, akapokea kimya alichopewa. Alisema kubishana kungemfanya mnunuzi aape, na hata kama faida ya ziada angewagawia ndugu, Mungu hataki sadaka ya namna hiyo.