Kawamoto Taizo na Beki wa Tatu: Namna Japani Ilivyoifunga Sweden Mwaka 1936

Ushindi wa mabao 3 kwa 2 ambao Japani iliupata dhidi ya Sweden mjini Berlin tarehe 4 Agosti 1936, katika soka ya Michezo ya Olimpiki, umezoeleka kuitwa muujiza, ingawa anayeuchunguza kwa makini huona zaidi kazi ya kocha aliyethubutu kupangua safu yake ya ulinzi akiwa ugenini.

Wajapani waliondoka kwao wakicheza na mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano, mpangilio uliofaa zaidi kabla sheria ya kuotea haijarekebishwa mwaka 1925. Awali mshambuliaji aliyepelekewa mpira alihitaji kuwa na wapinzani wasiopungua watatu kati yake na mstari wa goli. Baada ya marekebisho wakatosha wawili, hivyo mabeki waliozoea kupanda mbele ili kumtegea wakajikuta wameacha uwazi mkubwa mgongoni mwao. Jibu lililoenea Ulaya lilikuwa kumshusha senta hafu, yaani kiungo wa kati, awe beki wa tatu wa kumkaba mshambuliaji wa kati wa upande wa pili, huku washambuliaji wawili wa ndani wakirudi kuziba pengo lake.

Timu ya kocha Suzuki Shigeyoshi, iliyosafiri kwa reli kupitia Siberia, ilikutana na ulinzi huo katika mechi za kujipima nguvu na klabu za Berlin, ikafungwa, na Suzuki akaamua kuuiga palepale kwa kumshusha senta hafu wake, Oita Koichi. Uamuzi huo ungeweza kuwavuruga kabisa, kama si kwamba wachezaji wengi, mshambuliaji wa kati Kawamoto Taizo akiwa mmojawapo, walitoka Chuo Kikuu cha Waseda na walikwisha zoeana kwa pasi fupi, kiasi kwamba kilichobadilika ni ulinzi tu.

Hata hivyo Sweden ilikwenda mapumziko ikiongoza kwa mabao 2. Dakika ya 49 Kawamoto alifunga bao la kwanza la Japani katika historia ya soka ya Olimpiki. Ukon Tokutaro akasawazisha dakika ya 62, na Matsunaga Akira akafunga la ushindi dakika ya 85. Mfumo wenyewe haupaswi kusifiwa kupita kiasi, kwa kuwa siku tatu baadaye Italia, ambayo hatimaye ilitwaa dhahabu, iliwafunga Wajapani haohao mabao 8 kwa bila.

Vita vya Pili vya Dunia viliwatawanya wafungaji hao watatu: Matsunaga aliuawa Guadalcanal mwaka 1943, Ukon akafia Bougainville mwaka 1944, naye Kawamoto akawa mateka wa Wasovieti huko Siberia. Aliporejea alirudi uwanjani, na mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 40, aliichezea Japani katika Michezo ya Asia mjini Manila, mji uleule alikoanzia timu ya taifa mwaka 1934 kwa kipigo cha mabao 7 kwa 1 kutoka Indonesia ya wakati wa ukoloni wa Kiholanzi. Ukocha haukumwendea vizuri: katika Michezo ya Asia ya mwaka 1958, iliyofanyika Tokyo kwenyewe, timu ya Japani aliyoifundisha ilifungwa na Ufilipino na Hong Kong, ikatolewa bila kupata bao hata moja.