Nguzo Iliyopinduliwa: Hekalu la Toshogu na Theolojia ya Msalaba

Hekalu la Kishinto la Toshogu, lililo katika milima ya Nikko, kaskazini ya Tokyo, lilianzishwa mwaka 1617 kwa heshima ya mtawala Tokugawa Ieyasu, aliyefariki mwaka 1616. Mjukuu wake, Iemitsu, alilijenga upya kwa fahari kuu, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 1636. Msanifu majengo Mjerumani, Bruno Taut, aliyefika Japani mwaka 1933, alilidharau kwa wingi wa mapambo yake, akausifu usahili wa mahekalu ya Ise.

Hukumu hiyo haitoshi. Mapambo mengi si kosa kwa yenyewe. La kuulizwa ni hili: yanamtukuza nani? Lango la Yomeimon lina michongo zaidi ya 500, nayo yote humwelekeza mgeni kwa mwanadamu aliyepewa cheo cha uungu. Ndiye ambaye utawala wake ulipiga marufuku Ukristo katika nchi nzima mwaka 1614, na Iemitsu akayazidisha mateso ya waamini. Kwa hiyo Mkristo hawezi kulitazama jengo hili kama pambo tu la milima.

Hata hivyo, haki yatudai tuwasikilize mafundi. Katika nguzo 12 za lango hilo, moja ilichongwa nakshi zake juu chini, kwa makusudi. Yaelezwa kwamba jengo likikamilika, kuanguka kwake huanza. Ndiyo maana waliacha upungufu. Tena, mwisho wa ngazi ndefu za mawe, kati ya mierezi mirefu, kaburi lenyewe ni la shaba, halina rangi nyingi. Fahari imebaki chini.

Hapo jengo lakiri lile ambalo siasa iliyolijenga ilikana: kwamba aliyetukuzwa alikuwa mtu wa kufa. Luther, huko Heidelberg mwaka 1518, alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba. Toshogu humpandisha mwanadamu awe mungu. Injili yatangaza Mungu aliyeshuka akawa mwanadamu, akafa bila lango wala dhahabu.

Lakini tukilihukumu hekalu hili, na tuyatazame pia mawe ya msingi ya makanisa yetu, ambayo juu yake majina ya viongozi huchongwa kwa herufi kubwa kuliko jina la Kristo. Theolojia ya utukufu haikuishia Nikko.