Sifa za Mpanga Makaratasi

Mshairi akifa husomewa tanzia. Msomi akitoa kitabu hualikwa mikutanoni. Lakini yule aliyezitoa barua mkobani, akazing'oa pini zilizoota kutu, akazitunza katika mfuatano wake, kisha akaandika kwa penseli juu ya jalada nani alimwandikia nani, huyo akitajwa sana hupewa mstari mmoja mwishoni mwa shukurani. Leo namsifu yeye, na ushahidi wangu nautoa Tanga.

Mshairi Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Machui, mwaka 1909, wengi wetu tulikutana naye darasani. Yupo Shaaban Robert mwingine ambaye darasa halikutuonyesha: karani wa serikali, aliyeanzia forodhani Pangani, akimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge. Barua huishi kwa hisani ya aliyeipokea. Hizi ziliishi, na mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikazitoa kitabuni chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi: Barua za Shaaban Robert 1931–1958. Humo hamna hadhira ya kufurahisha wala mwalimu wa kusahihisha. Yumo kaka anayezungumza na nduguye. Anayetaka kujua mtumishi Mwafrika aliishije chini ya Waingereza hatalipata jibu hilo katika taarifa ya Gavana, maana Gavana hakuwa na sababu ya kuliandika.

Na hapo ndipo ufundi ulipo. Barua moja ni habari. Barua za miaka 27 zilizokaa kwa mfuatano ni maisha. Zichanganye, nawe umeua nusu ya maana yake bila kuchana hata karatasi moja. Ndiyo maana mhifadhi nyaraka hufundishwa kuheshimu mpango aliouacha mwenye mali, hata ukionekana fujo, kwa kuwa fujo hiyo nayo inasema kitu. Kalamu ya wino haigusi hati: wino hauna toba, penseli hufutika. Na kabla ya yote huuliza jambo ambalo msomaji mwenye haraka hulipuuza: karatasi hii ilitoka nyumba gani, kwa mkono wa nani?

Swali hilo ni zito zaidi kwa miswada ya khati za Kiarabu. Watu wa Mrima walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi hizo kabla ya Mjerumani kujenga shule Tanga. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitunga kwa namna hiyo habari ya Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki Mrima, vita vile ambavyo kiongozi wake Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Wajerumani waliandika ripoti zao kama washindi. Utenzi wa Hemedi unatupa sauti ya upande wa pili, nao ulimfikia msomaji wa kawaida pale msomi J. W. T. Allen alipouchapisha mwaka 1955. Huyo Allen ndiye aliyeorodhesha miswada na kanda za sauti zilizomo katika maktaba ya chuo pale Dar es Salaam. Katalogi yake ilichapwa Leiden mwaka 1970. Katalogi haisomwi na mtu kitandani, nakubali. Lakini muswada usiomo katika orodha yoyote, kwa mtafiti ni sawa na uliokwisha kuliwa na mchwa.

Kuusoma nako kuna kazi yake. Katika khati za zamani herufi moja ya be huweza kuwa b, p, au hata mb, na irabu mara nyingine hazikutiwa. Msomaji hana budi kuijua lahaja ya mahali, Kimtang'ata au Kimrima, na kuijua Kurani, maana watunzi waliinukuu bila kutangaza. Akikwama, mizani humwokoa: kipande cha utenzi kina mizani minane, basi tamko linaloleta tisa limesomwa vibaya. Ni wachache walio na elimu hizi zote kwa pamoja, na vyuo vyetu havifundishi wa kutosha kuwarithi.

Vilivyochapwa havihitaji macho makali hivyo, ila navyo hupotea. Habari za Wakilindi, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, Mwislamu na liwali wa Tanga, ilichapwa na wamisionari Waanglikana wa Magila kati ya 1895 na 1907. (Wanaodhani dini zilipakana tu kwa ugomvi wakalitazame jalada lake.) Mwanahistoria Steven Feierman alipoandika juu ya ufalme wa Washambaa uliotawaliwa na Wakilindi hao, kitabu kilichotoka mwaka 1974, aliitumia bega kwa bega na masimulizi ya wazee wa milimani. Asingeweza kama nakala zote zingekuwa zimefungia vitumbua. Kiongozi, gazeti la Kiswahili la shule ya serikali ya Tanga enzi za Wajerumani, nalo tunalisoma kwa sababu kuna mtu aliyetunza kurasa zake.

Lawama ninayo moja. Mwanafunzi wa Muheza atasafiri zaidi ya kilomita 300 kuifikia rafu yenye maneno ya mababu zake, na miswada mingine ya pwani imo London. Ile ya London iliyopigwa picha na kuwekwa mtandaoni imeonyesha kwamba umbali si hoja tena. Chuo kinachohifadhi hati za Tanga kina deni la kuzirudisha Tanga japo kwa picha, katika maktaba ya mkoa, bila msomaji kudaiwa barua ya utambulisho.

Nanyi wenye masanduku Pangani, Mkinga, Chumbageni: msichome karatasi msizoweza kuzisoma. Zianikeni kivulini, msizipange upya, andikeni pembeni kwa penseli zilikuwa za nani, kisha mwiteni anayejua khati. Akiomba kuzipiga picha, mruhusuni. Akiomba kuondoka nazo, daini stakabadhi.