Mkwaruzo si Dosari: Obokano na Thamani ya Rekodi za Jukwaani

Washabiki wa muziki wa roki huienzi Live at Leeds ya kundi la The Who, iliyorekodiwa katika Chuo Kikuu cha Leeds tarehe 14 Februari 1970, kwa sababu ambazo mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kuzizingatia. Wimbo “My Generation”, uliotolewa mwaka 1965 ukiwa na dakika zipatazo 3, ulifikia karibu dakika 15 mbele ya hadhira hiyo. Aidha, lebo ya santuri iliagiza kwamba mikwaruzo inayosikika isirekebishwe.

Suala hilo hilo linaihusu obokano, ala ya nyuzi 8 ya Abagusii wa Kisii na Nyamira. Mvumo wake mzito wenye kukwaruza si dosari ya mitambo ya kurekodia. Ni sehemu ya ujumi wake. Fanani huimba huku akipiga, akirefusha au kufupisha utungo kulingana na mwitiko wa waliohudhuria. Santuri ya dakika chache kila upande ilimnyima nafasi hiyo.

Yawezekana kupinga kwamba hata rekodi ya jukwaani haionyeshi ishara za mwili wala uchezaji. Ni kweli, lakini walau huuhifadhi mwitiko wa hadhira, jambo ambalo unukuzi wa maneno matupu hauliwezi. Mtafiti anayefuta vigelegele na vicheko ili apate matini “safi” huwa amefuta sababu ya mshororo unaofuata. Kwa hiyo rekodi nzima ya tukio ndiyo iwe matini ya kuhakikiwa, na maneno yaliyonukuliwa yawe sehemu yake tu.