Jambo OpenOffice: Maneno Yetu, Haki ya Nani?

Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hii huhakikiwa kwa istilahi zake. Makala haya yanaihakiki kwa leseni yake, jambo ambalo sisi walimu wa lugha hulipita upesi.

Jambo ilikuwa mtoto wa OpenOffice.org, iliyolelewa na kampuni ya Sun. Leseni yake, LGPL, ilimruhusu yeyote kunakili, kurekebisha na kusambaza, ilimradi msimbo ubaki chini ya masharti yaleyale. Hilo ni la kusifiwa. Kasoro ni kwamba wachangiaji wa msimbo walitakiwa pia kuishirikisha Sun hakimiliki yao. Leseni humpa mtumiaji ruhusa; hakimiliki humpa mwenyewe uwezo wa kubadili leseni.

Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 2010. Oracle ilikuwa imeinunua Sun, na mwezi Septemba wachangiaji wengi walijitenga wakaanzisha LibreOffice. Waliondoka na msimbo, lakini jina lilibaki nyuma, wala hawakuwa na uwezo wa kubadili leseni ya kazi ya zamani. Oracle ilikuwa nao: mwaka 2011 iliikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache, kwa leseni nyingine.

Kiswahili nacho kilihama. Kamusi ya tahajia iliyotayarishwa na Jason Githeko wa Kenya imo ndani ya LibreOffice. Haikuhitaji kuombewa ruhusa upya, kwa kuwa masharti yake yalijulikana tangu mwanzo.

Je, orodha zetu za istilahi zingeweza kuhama hivyo? Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, na hapa Gisenyi, hatua chache kutoka Goma, wanafunzi hukusanya msamiati wa forodha na soko. Orodha nyingi za darasani hazina jina wala masharti. Mradi ukivunjika au ukijitegemea, atakayetaka kuziendeleza atakwama, maana kisheria kimya si ruhusa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila orodha ianze na mistari mitatu: nani kaikusanya, mwaka gani, na wengine wanaruhusiwa kufanya nini nayo.