Mhariri na Kiko cha Bwana Msa

Habari ilifika mezani kwangu saa moja kabla ya ukurasa kufungwa: mtu amekutwa amekufa "katika mazingira ya kutatanisha". Nikamrudishia mwandishi. Nani alimkuta? Saa ngapi? Mlango ulifungwa kwa ndani au kwa nje? Kijana akanitazama kana kwamba ninamtuhumu yeye.

Alipotoka nikacheka peke yangu. Maswali yale nilijifunza kwa Bwana Msa, mpelelezi wa hadithini.

Aliyemuumba, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alianza kazi akiwa bwana afya. Mwaka 1948 akashika uhariri wa gazeti la Zanzibari, akapitia Al-Falaq na Afrika Kwetu, na mwaka 1958 akakabidhiwa Mkulima, jarida la kilimo, hadi alipostaafu 1968. Katikati ya pilikapilika hizo akaandika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957-58 na kutoka kitabu 1960.

Aliyemsoma Arthur Conan Doyle hamkosi Sherlock Holmes humo. Kiko kipo, na rafiki wa kushangaa yupo: Najum mahali pa Watson. Basi husemwa kwamba mzee aliiga. Mimi naona alikutana na mwenzake wa kazi. Doyle alikuwa daktari, na Holmes alimchora akimkumbuka mwalimu wake wa Edinburgh, Joseph Bell, aliyemsoma mgonjwa kabla hajafungua kinywa. Na bwana afya je? Huyo huingia uani kwa watu, akapiga hodi, akasalimu vizuri, huku jicho limeshafika kwenye mtungi usio na kifuniko.

Tena alichoazima alikipa kazi ambayo London haikuwa nayo. Maiti ikikutwa mzimuni, nusu ya mtaa imeshapata jibu kabla askari hajavaa kofia. Giningi nako, kunakotajwa kwa wachawi, hakuulizwi maswali. Hapo ndipo anapokuja mtu na kiko chake, hana haraka, anataka kujua nani alipita njia ile na kwa nini.

Lakini ninachomhusudia hasa ni kingine. Gazeti huweka jibu juu: aya ya kwanza inamtaja aliyekufa, mahali na siku, na mengine yanafuata hadi pale mhariri atakapokata kwa kukosa nafasi. Hadithi ya upelelezi ni kinyume chake. Jibu hukaa chini kabisa, na kila aya lazima iitunze siri yake. Mtu aliyeshinda ofisini akipandisha majibu juu, akirudi kwenye hadithi yake ayazike tena, tena asiache alama ya jembe! Ndiyo maana sishangai kwamba hadi anastaafu alikuwa na vitabu viwili tu, hicho cha kwanza na Kisima cha Giningi, kisha vinne vikafuatana mwaka hadi mwaka, kuanzia Duniani Kuna Watu, 1973, hadi Mwana wa Yungi Hulewa, 1976.

Yule kijana alirudi baada ya nusu saa, jasho linamtoka. Mlango, alisema, ulifungwa kwa nje. Tukabadili kichwa cha habari.