Mbwa Mkosa Adabu na Bwana Wake

Mbwa anayevuruga karamu katika filamu, kwa hakika ya kazi yenyewe, ndiye mtiifu kupita wote waliopo mahali pa upigaji picha, kwani kila uovu wake umefunzwa kwa ishara ya mkono na kipande cha nyama cha mwalimu aliyejibanza kando ya kamera, kisha ukakatwa na kuungwa upya hata ukadhaniwa ni hiari ya mnyama.

Tazama Beethoven ya Brian Levant, ya mwaka 1992. Mbwa mkubwa wa aina ya Saint Bernard anaizunguka meza ya bustanini, kamba yake ikijisokota miguuni mwa viti, kisha anatimka, na mume na mke waliokuja kumlaghai mwenye nyumba wanaburutwa majanini, viti na vyote. Lakini kabla ya hapo tumekwisha sikilizishwa hila yao, tukaonyeshwa na uso wa mbwa, uso usiosema lolote, ambao sisi wenyewe tuliujaza ghadhabu. Hivyo kosa likageuka kisasi cha haki, na anayebaki kuchekwa ni bwana wa nyumba, aliyeigizwa na Charles Grodin, mwenye kufoka kwa ajili ya mazulia.

Lakini mtazamaji si mmoja kila mahali: Mchafukoge, Dar es Salaam, ambako mbwa ni mlinzi wa lango, na ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, yanayotaka chombo kilicholambwa na mbwa kioshwe mara 7, moja kwa udongo, kicheko cha kumwona mbwa wa filamu kama hiyo kitandani mwa bwana wake huja na mshtuko ambao watungaji wa Hollywood hawakuukadiria.

Ustadi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo katika Hum Aapke Hain Koun..! ya Sooraj Barjatya, ya mwaka 1994. Nisha anamkabidhi Tuffy, kijibwa cheupe, barua ya kumpelekea Prem, mpenzi wake. Tuffy anaipeleka kwa Rajesh, kaka yake Prem, ambaye ndiye bwana harusi anayekaribia kumwoa Nisha. Ni khiyana ya amana, illa mwongozaji ameileta sanamu ya Krishna mbele ya macho yetu, na kosa likawa hidaya. Wala hakuna bwana anayefoka. Tena msingi ulijengwa mapema, katika kriketi ya nyumbani, Tuffy huyo huyo alipowekwa kuwa mwamuzi nasi tukacheka, pasina kutambua kwamba tumekwisha mridhia awe hakimu.